Mkeka wa Mtama

Musinzira, Gitega

Mjukuu wangu Nadine,

Amani ya Bwana ikukute huko Muyinga. Huku maharage yameota vizuri, magoti ndiyo yanakataa, na baba yako bado hajafika kuniona.

Unauliza namna ya kufundisha watoto wako wa Shule ya Jumapili wajibu wa Mkristo. Mi nilikuwa na miaka saba. Mama alianika kwenye mkeka mtama wa kupeleka kanisani siku ya shukrani, akaniachia niuchunge. Nilikwenda kucheza, mvua ikauharibu wote. Mama akapeleka mbegu zetu za kupanda, kwa sababu Mungu alikuwa ameshaahidiwa. Njaa ya msimu uliofuata sitakueleza.

Lakini tulipovuna tena, alitandika mkeka uleule mbele yangu, akasema, "Chunga mtama wa Mungu," akaenda shambani bila kugeuka. Sikusogea mpaka jioni.

Baba yako, akiwa mdogo, alipoteza mbuzi mara moja tu. Nikamnyang'anya kamba ya mbuzi, nikamfanyia kila kitu mwenyewe, nikasema ni upendo. Sasa nazeeka peke yangu, na siwezi kumlaumu.

Watoto wako wakikosea, warudishie mkeka. Mi ile kamba sikumrudishia.

Bibi yako anayekuombea