Wiki Moja Godoroni

Zoleka, kipanuzi hakiingii. Kinagota kabla ya alama ya zamani. Nimejaribu tena, kinagota palepale.

Daktari alinionya tangu upasuaji: nisipotanua uke kila siku, kina kinapungua. Mimi niliacha wiki nzima ya msiba wa mama.

Nilikuwa naelekea chumbani nikajifungie, shangazi Nomonde akapaza sauti: "We binti, unakwenda wapi? Mabinti wa marehemu hawabanduki kwenye godoro la msiba mpaka azikwe!"

Binti! Mbele ya ukoo mzima. Shangazi yuleyule aliyeapa ataniita Mzwandile, jina langu la kiume, mpaka afe.

Nikakaa. Hata kulala, wanawake walilala wamenizunguka.

Leo daktari kasema kina hicho huenda kisirudi. Akauliza kwa nini sikuinuka.

Zoleka, niliogopa kwamba nikiinuka, shangazi hataniita binti tena.