Kabla ya Kupimwa

Dada yangu,

Mimi mzima, na cherehani uliyoniachia bado inadunda. Kesho nilikuwa nifanyiwe ule upasuaji wa macho kwa leza. Mashine hufuata vipimo vya jicho lako mwenyewe, ndiyo maana daktari aliuliza kama nilivua lenzi zangu za kubandika machoni wiki mbili kabla ya kupimwa. Lenzi hubadilisha umbo la jicho. Nikajibu ndiyo. Dada, nilizivulia mlangoni kwake! Mchumba wangu hajawahi kuniona na ile miwani mizito.

Tangu jana roho iko juujuu. Si wewe uliyenifundisha mteja avue koti kwanza, ndipo nimpime? Gauni likikosewa tunafumua. Jicho je?

Nimempigia daktari, nimekiri, kesho imefutwa. Nakuandikia nikiwa nimevaa miwani, na mchumba anabisha hodi.

Mdogo wako