Kiegemeo cha Mume Wangu

Chumba cha juu,
Duka la fundi cherehani.
Jumapili, tarehe nane.

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, ulisoma sawasawa: mimi ndiye ninayeendesha, na mume wangu ndiye anayekaa nyuma. Lakini kwanza shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda ngazi ukiwa umeshika ukuta? Sisi hatujambo kabisa. Leo tunatimiza wiki saba tangu tuoane, na bado nikiamka asubuhi namtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anayeogopa mwenyewe atarudi kukidai.

Uliniuliza kama pikipiki ya kaka yako ninayo bado. Ninayo. Ila nikuambie ukweli, mwezi uliopita nilikuwa nimeshaamua kuiuza, na sikutaka kukuandikia mpaka jambo lenyewe liishe.

Unajua Baba alikuwa akisafiri peke yake. Siti ya nyuma ilikuwa ya begi lake, na kwa miaka yote hiyo imekuwa laini, inateleza kama sabuni. Jumamosi moja tulisimama kwenye taa za barabarani, mume wangu nyuma yangu. Taa ya kijani ikawaka, nikaachia klachi kwa pupa, pikipiki ikaruka mbele, yeye akabaki. Aliketi katikati ya barabara, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetandikiwa mkeka. Nami sina habari! Nilikwenda mpaka kwenye kona nikimweleza mambo ya mapazia ya chumbani, nikashangaa mbona hanijibu.

Alichubuka kiwiko tu, namshukuru Mungu. Lakini watu wa mtaani walimwona, na tangu siku hiyo wakamwita Mzigo. "Mzigo, leo umefungwa vizuri?" Hucheka nao barazani, akiingia ndani hacheki.

Safari ya kuja kwako ni ya siku mbili. Nilipoitaja, akanyoosha kitambaa alichokuwa anakikata, akasema kwa upole, "Mke wangu, wewe tangulia na pikipiki. Mimi nitakuja na basi."

Shangazi, niliolewa ili nifike kwako peke yangu? Nikaona bora niiuze, tupande basi wote wawili. Sikumwambia. Nilianza tu kuifuta vumbi kila jioni, polepole, kama anayeaga. Kumbe ananitazama. Siku ya nne akashuka na tepu yake shingoni, akauliza, "Hii siti inakosa nini?" Nikamjibu: inakosa mahali pa kuegemea.

Basi akaenda kwa fundi wa pikipiki wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Kimya alikata bomba, akalikunja liwe fremu ya kiegemeo, akachomelea bamba la chuma la kubebea mto. Kerieri ya Baba haikutobolewa hata tundu moja. Fremu imeshikwa kwa vibano vinne, kila kimoja na bolti yake. Mto akaushona mume wangu mwenyewe: sponji nene, leksini nyeusi, ile ngozi ya bandia, mshono mara mbili, na uzi mwekundu ukingoni. Nilikaa nikiangalia vidole vyake mpaka chai ikakaukia jikoni na sufuria ikaungua. Sijutii.

Kosa lilikuwa kwenye vipimo. Alijipima kama anavyopima wateja wake wote: kifua mbele, mabega nyuma, pumzi ndani. Tukafunga kiegemeo kwa kipimo hicho, tukazunguka mtaa mara moja. Tuliporudi mbavu zangu zilikuwa zinauma kwa jinsi alivyonibana.

Kimya akapitisha mkono mzima kati ya mgongo wa mume wangu na mto. "Bwana, umeegemea nini, hewa? Hapa hatukushonei suti ya harusi. Hebu kaa kama unavyokaa ukichoka."

Mume wangu akakaa kama anavyokaa kwenye cherehani saa kumi jioni, mgongo umepinda kama kikapu kilichokaliwa. Kimya akacheka mpaka akaweka spana chini. "Huyu ndiye anayesafiri! Yule mwingine mwacheni kwenye picha." Wakalegeza vibano, wakasogeza fremu mbele vidole vinne, wakaiinamisha kidogo, wakakaza upya.

Tukaenda kwenye mwinuko wa tangi la maji. Nilisimama makusudi katikati ya mlima, moyo unanidunda kuliko siku ya harusi. Kama angesema tushuke, ningeipeleka sokoni kesho yake. Nikaachia klachi. Nikasikia leksini ikilia, magoti yake yakagusa mapaja yangu, naye yupo.

"Tena," akasema.

Tulisimama na kuondoka mara tano. Ya mwisho nikamuuliza, "Na lile basi lako, umeshakata tiketi?"

"Basi gani?" akajibu.

Nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine. Zamani alipokuwa akinibana mpaka nakosa pumzi, nilidhani yote ni mapenzi. Kumbe nusu ilikuwa woga. Sasa ananishika kwa mkono mmoja tu, kiunoni, kwa wepesi, na huo mmoja ni wangu wote.

Mtaani bado wanamwita Mzigo. Juzi akamjibu mmoja, "Mzigo wenye kiti chake. Wewe una nini?" Akaingia ndani anacheka bado.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, yule mrefu na yule mwenye maneno mengi. Mwambie jirani yako mwalimu kwamba mwandiko wangu umeharibika kwa furaha, si kwa uvivu. Mungu akupe usingizi mtulivu na goti lisilolalamika.

Usihangaike kutuandalia makubwa. Tutafutie tu mahali penye kivuli pa kuegesha. Kabla mwezi huu haujaisha, pikipiki ya kaka yako itanguruma mlangoni kwako, na nakuahidi hatateremka mtu mmoja, tutateremka wawili.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima.