Kamera Yako Ndiyo Iliyokula Betri

Nyumbani kwa Mama,
Ujiji, Kigoma.
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Faridi,

Assalamu alaikum. Shikamoo yako sijaisikia tangu mwezi uliopita, basi naitikia hivyo hivyo bila kusalimiwa: marahaba. Habari za Dar es Salaam? Wifi yangu Hasna hajambo? Mtoto kikohozi kimemwisha? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anakwenda sokoni na kurudi bila fimbo. Alhamdulillahi.

Salamu zimetosha. Nimekasirika, Faridi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza maneno, na kwenye lile kundi la familia sitaki kukuvua nguo mbele za watu kama ulivyomvua mume wangu. Barua anakuletea jirani yetu Honorata, anakuja huko kumwona mwanawe. Isome mpaka mwisho.

Ulimwita Pazi mwizi. Uliandika "mwizi wa ndani", lakini ndani humu tuko watatu. Ni mimi? Ni Mama? Watu thelathini na mmoja wakasoma kwamba shemeji yako ameangalia televisheni kwa betri za taa za boti yako mpaka zikaisha. Baba zetu wadogo wamesoma. Mpaka Feliksi, rafiki yako wa Katubuka, ambaye sijui hata alitiwa na nani kwenye kundi letu, naye amesoma.

Pazi ni nahodha wako mwaka wa sita huu. Kila mbalamwezi inaposhinda taa na kuwasimamisha wavuvi wa dagaa, na mwaka jana serikali ilipofunga ziwa ile miezi mitatu samaki wazaliane, betri zako nne alizitunza hapa sebuleni. Anachomoa waya zote, anafuta vichwa vya betri kwa maji ya moto mpaka ule ukungu mweupe utoke, anazipanga juu ya ubao. Kila baada ya wiki mbili anazichaji kwenye sola, moja baada ya nyingine, na tarehe anaiandika kwa chaki ubavuni. Mimi nilikuwa nagombana naye kwa kunijazia sebule. Zote nne zilikuwa zikirudi ziwani zimejaa.

Mwaka huu ziwa limefungwa tena, ukaja wewe, Idd ya kuchinja, na ujanja wako wa mjini. Ukazihamishia betri stoo ya hapa uani. Ukafunga kamera ya laini ya simu ili ukiwa Dar uone nani anaingia. Kamera ukaiunganisha kwenye betri hizo hizo! Kisha ukapiga kufuli, na ufunguo ukampa Feliksi, mtu ambaye hata kasia hajawahi kulishika, ukamwacha nahodha wako anaangalia mlango.

Pazi alikuomba ufunguo mara mbili. Nilikuwepo. Mara ya pili alikueleza taratibu kabisa kwamba betri ikiachwa na kitu kinachonyonya, hata kidogo, itaisha, na ikikaa tupu itakufa. Ukamjibu, "Shem, betri haili ugali, iache ilale." Ukacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Katikati ya Julai kamera ikazimika. Hukujiuliza inakula nini. Ukaandika kwenye kundi yale ya mwizi wa ndani, kwamba Pazi amekata waya, betri anaangalia nazo televisheni. Siku ile alichukua nyundo akavunje kufuli aziokoe betri, nikamzuia mimi, nikamwambia asilete ugomvi kwenye familia. Hilo nalijutia mpaka leo.

Tarehe kumi na nne, kesho yake ziwa linafunguliwa, Feliksi akaja na ufunguo wake. Kufuli halikuguswa. Buibui walikuwa wamefunga mlango kuliko wewe. Waya zote zilikuwa mahali pake, na kamera yako ukutani imekodoa jicho. Fundi Bariki akapima kwa mita, akachaji siku mbili. Moja imeamka. Tatu hazishiki chaji tena. Akasema, mbele ya Feliksi, ni kamera iliyozinyonya usiku na mchana. Feliksi aliahidi kukupigia akueleze. Kama alikupigia, kwa nini kwenye kundi mpaka leo kimya?

Wenzetu sasa wanavua, giza ndilo hili. Boti yako iko mchangani. Wavuvi wako wanne wamekwenda kwa Meshack, mwenye boti mwenzako, siwalaumu. Meshack alimwita na Pazi pia. Pazi akasema hawezi kwenda kwa tajiri mwingine jina lake likiwa bovu, watu watasema amefukuzwa kwa wizi.

Ijumaa hakuswali msikiti wetu. Alitembea mpaka ule wa mbali, kwa sababu hapa angekaa safu moja na baba zetu wadogo. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Faridi, anakwepa msikiti wake kwa ajili ya kamera yako.

Betri utanunua nyingine, ni zako. Ninachotaka ni uandike kwenye kundi lile lile, kwa mkono ule ule, kwamba ulikosea. Usimtumie yeye peke yake kwa siri. Hukumtukana kwa siri.

Msalimie sana Hasna, mwambie mimi naye hatuna neno. Mbusu mtoto. Fundi Bariki anakusalimu. Pazi hajasema nikusalimie, nami sitamsingizia.

Mama nimemsomea barua hii yote. Akachukua simu yake, akaenda kumkabidhi Pazi. Anasema, "Mwambie mwanangu, Ijumaa akinipigia kama kawaida yake, atapokea mkwe wangu. Wakishamalizana, ndipo nitaongea naye."

Mungu akulinde na akulainishe moyo kabla ya Ijumaa.

Dada yako, ninayekupenda hata leo, ila kwa shida,
Mwasiti