Magunia ya Mama

Ruiru,
Agosti 1999

Kwa dada yangu mpendwa Emmaculate,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Ruiru. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Nakuru, na kwamba kikohozi cha Byron kimepungua. Sisi tuko hai, tunamshukuru Mungu, ila uchovu umenizoea. Ninakuandikia nikiwa kitandani, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Kule kiwandani Thika tunasimama tangu asubuhi tukimenya mananasi, na nikifika nyumbani hata kuvua viatu ni kazi.

Uliniuliza mama anaendeleaje na atarudi nyumbani lini. Nitakujibu, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo.

Tangu aje, chumba changu kimekuwa chake. Ukame huu nadhani na huko mnauona. Bomba la ploti hii tunayopanga likitoa maji leo, wiki nzima baadaye linatoa hewa tu. Mama hakulalamika. Maji ya kuoshea mboga akafulia soksi zangu, hayo ya soksi akapigia deki, yaliyobaki akamwaga chooni. Masufuria anasugua kwa jivu. Makaa nayo yalipoadimika, akatengeneza kikapu cha kupikia: maharagwe yakichemka kidogo jikoni, anaepua sufuria, analizika ndani ya kikapu kilichojaa matambara na kufunika vizuri. Nikirudi jioni nakuta yameiva bila moto. Matambara yenyewe, dada, yalikuwa blanketi langu. Nilipogundua nilinuna, naye akasema tu kwamba lilikuwa na matundu.

Kisha yakaja magunia. Aliomba udongo kwa mafundi wanaojenga ng'ambo ya barabara, akauchanganya na maganda ya viazi na majani ya chai, akajaza magunia, akayatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki katika kila tundu. Magunia yakapanga foleni kutoka mlango wetu hadi wa Leila, jirani yangu anayeuza mitumba Githurai. Leila alifurahi, akawa anachuma mboga na kumletea mama sukari. Watoto wote wa ploti wakamwita shosho, yaani bibi. Mimi nilikuwa nikipita hapo kama mtu asiyeona, nikitafuta kitanda.

Mwezi uliopita mwenye ploti, Ngendo, akaja. Alisema magunia yanaozesha ukuta wake na kuleta mbu, na ifikapo Jumapili yawe yameondoka, la sivyo tuondoke nayo. Siku hiyo mashine ilikuwa imekwama kiwandani na tukacheleweshwa. Leila aliponipa habari hizo mlangoni, kabla hata sijaweka mkoba chini, nilimgeukia mama.

“Mama, hapa ni mjini. Si uende ukalime kwako?”

Alikuwa akimwagilia kwa kikombe. Hakuacha.

“Kwangu wapi, Nelima?”

Nikamwambia kwani hajui nyumbani ni wapi. Ndipo akaketi kizingitini, akanieleza polepole, bila kulia, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Dada, kaka yetu Absalom ameuza shamba. Si kipande, ni lote: kuanzia mtoni, kupitia jiko la mama, hadi kwenye kaburi la baba. Baada ya matanga liliandikwa kwa jina lake, nasi tukaona ni sawa kwa sababu yeye ndiye mwanamume. Alimwambia mama atamjengea chumba Webuye. Mama alingoja, akachoka, na mnunuzi alipoleta ng'ombe wa kulima, akafunga mbegu zake kwenye leso, akapanda basi kuja kwangu, akasema amekuja kututembelea.

Nilichukua kikombe nikamalizia magunia yaliyobaki.

Jumapili Ngendo alipokuja nilimweleza ukweli huo huo, maana sikuwa na nguvu za kutunga mwingine. Akasema tuyahamishie nyuma ya bafu, mbali na ukuta wake, na asione maji yametuama. Leila na mimi tuliyasukuma, mama akielekeza. Kule jua linafika adhuhuri tu, na mboga nyingine zimenyauka. Nyingine zimeshika.

Mama alinikataza nisikwambie. Anasema wewe huwezi kunyamaza, utapanda gari uende ukapigane na Absalom mbele ya watu, na yeye bado ni mwanawe. Labda ni kweli. Lakini uliandika kwamba Desemba utawapeleka watoto wakamsalimie bibi yao, na sikuweza kuwaacha wafike kwenye boma la mtu mwingine wakibisha hodi. Usiwapeleke kule. Walete hapa. Chumba ni kimoja, tutabanana.

Kuhusu Absalom, nakuomba tuongee ukifika. Kwa sasa sina pumzi ya kugombana na mtu.

Nisalimie shemeji, umbusu Byron, na umwambie Adelaide mama mdogo anamkumbuka. Leila naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama yuko nje kwenye mboga zake. Hajui ninachokuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Nelima