Treni Ambayo Baba Hakuiona

Likasi, Jumapili. Mvua imekatika mchana. Matope yamebaki, na hasira yangu nayo imebaki.

Nimerudi kutoka klabu ya treni ndogo. Naandika kwa nguvu mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo sitaki kujizuia.

Klabu yenyewe ni ya wakubwa wa kampuni. Wanatandaza reli juu ya meza ndefu ukumbini kwao, wanapitisha treni za umeme, kila behewa dogo kama kiganja. Mimi ni mpiga taipu tu wa ofisi ya kiwanda. Walinikubali kwa sababu nina mkono wa kupaka rangi vitu vidogo. Mwaka mzima nimetengeneza kona yangu: stesheni ya Likasi, nyumba za kambi ya Panda tunakoishi, na garimoshi moja la mvuke. Garimoshi hilo ni mfano wa lile la baba. Aliliendesha tangu ujana wake hadi kustaafu, na nimelipaka rangi kwa kumuuliza kila kitu, hata kutu ilianzia wapi.

Macho ya baba yanakwisha. Zamani alikuwa akisoma gazeti barazani, sasa ananitambua kwa sauti. Akisogeza kitu karibu na pua bado anakiona kidogo. Nilitaka alione garimoshi lake kabla giza halijamfunika.

Hilo tu.

Lakini garimoshi ni mali ya klabu, halitoki ukumbini, na onyesho si la kila mtu. Wanaingia wanachama, wake zao na watoto wao. Mzazi hahesabiwi. Kwenye karatasi za kampuni jamaa ya mtu ni mke na watoto, basi. Baba aliyekuzaa ni mtu wa nje!

Kwa hiyo leo, kabla ya onyesho, niliomba kikao kikubali kufungua mlango kwa watu wote. Baba nilimwacha nje barazani, amevaa abakosti, suti yake ya misa, na kofia yake ya udereva. Nilimwambia asubiri kidogo tu.

Injinia Kabwe, mwenyekiti wetu, alinijibu akitabasamu. "Citoyenne, batu ya cité bakiingia humu, kesho hatutabakia na wagon hata moya."

Cité ndiyo mitaa yetu sisi wadogo. Wakacheka. Mzungu mmoja mzee akasema adui wa treni ndogo ni vidole vya watoto. Hilo sikatai, kidole kimoja kinatosha kuangusha treni nzima. Nikasema basi tufunge kamba kuzunguka meza, waingie wachache wachache, mimi mwenyewe nitasimama pale. Halafu ulimi ukaniponyoka. Nikasema redio inatuambia kila asubuhi kwamba sisi sote ni citoyens, raia sawasawa, basi citoyens waingie.

Hapo hakuna aliyecheka. Walipopiga kura, mkono wangu ulibaki peke yake juu.

Nikaenda kwenye kona yangu kukagua nyaya. Upande wa pili wa meza kuna milima ya Ulaya, na mlinzi wa ukumbi alikuwa anaimwagia theluji kutoka kwenye gunia. Siku zote nilidhani ni chokaa. Nikagusa. Nikaonja.

Unga.

Unga wa mahindi, mweupe, laini, ule ambao mama anaupangia foleni tangu alfajiri na mara nyingi anarudi na beseni tupu. Kwenye mlima mmoja ambao bado haujafagiwa kulikuwa na nyayo za panya. Panya wa ukumbi ule wanakula vizuri kuliko watu wa Panda! Mlinzi akaniambia ndivyo wanavyofanya kila onyesho, wanafagia wa zamani na kumwaga mpya.

Injinia alinifuata. Sasa hakutabasamu, alininong'oneza. "Weye shi unajua bunga iko ngumu mu cité. Batu bakiona tunaimwanga pa mulima, batasema nini?"

Kumbe! Si wizi, si vidole vya watoto. Wanaona haya, na badala ya kuondoa unga wameona afadhali kuondoa watu. Kisha sisi ndio tunaitwa wezi.

Nilitoka bila kuaga. Baba alikuwa amekaa palepale, kofia magotini. Ndani walikuwa wameanza kujaribu treni.

"Haina neno, mama," akaniambia. "Nilisikia firimbi."

Huniita mama anapotaka kunibembeleza. Haina neno? Lipo neno, tena kubwa! Nikamshika mkono, tukarudi Panda kwa miguu, nikimwongoza kukwepa madimbwi.

Jioni hii mama amesonga bukari, ugali wetu, kidogo tu, kila mtu tonge chache. Baba akataka nimsimulie meza yote. Nikamweleza stesheni, nyumba za kambi, garimoshi lake, hata milima ya Ulaya yenye theluji. Alifurahi kama ameliona. Kisha akauliza, "Na ile neige ya kwa milima, banaifanyaka na nini?"

Nikasema, "Pamba, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mama akamega bukari yake akaniwekea, eti naonekana nimechoka. Nikaila yote.

Nimejiambia nilitaka kuwaepusha na uchungu. Uongo mtupu. Niliogopa. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa uso wa injinia, na siku hizi kuta zina masikio. Mimi niliyedai mlango ufunguliwe nimekuja kumfungia baba yangu mwenyewe, nyumbani kwake, akila.

Bado hajalala. Namsikia anatafuta muziki kwenye redio, na mama anaosha sahani karibu naye. Naweka kalamu chini. Naenda kumwambia ni unga.

Mama naye atasikia. Na kesho alfajiri mama yuko kwenye foleni, pamoja na wanawake wote wa Panda.