Meno ya Tomi

Alhamisi jioni, 1976

Huyu mtoto wa mbwa ataniua. Tomi anang'ata kila mtu, kwa mchezo tu, na mimi nilikuwa namcheka.

Leo afande wa ng'ambo ya barabara aliingia uani kuuliza sukari. Mume wangu, ambaye majirani wote wanajua amesafiri, alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amejificha wanajeshi wanaomtafuta. Tomi akaruka, akaudaka mkono wa afande, akautafuna. Damu haikutoka, ni mate tu.

"Mama Zaina! Na mimi nakwenda kuswali!"

Ikabidi aoshe najisi ile mkononi mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa sote madrasani. Nikashika birika. Nilimwaga polepole kwa woga, naye ananihimiza, "Mwaga mama, hiyo ni ya tatu tu." Kwenye ya tano nikasikia mume wangu anakohoa. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu.

Afande hakugeuka. Alipomaliza akacheka. "Usimpige. Aking'ata mkono, nyamaza, acha kucheza naye, mpe kitambaa atafune. Atajifunza. Kesho nitamletea mfupa."

Tangu saa ile nafanya alivyosema, na kweli Tomi anaachia mkono. Mtu mwenye roho nzuri hivyo... Au alisikia?

Nimemwambia baba Zaina aondoke usiku huu kwa mtumbwi wa pale bandarini Ggaba, avuke ziwa. Amekasirika, anasema namfukuza kwa sababu ya mbwa. Nimemfungia mihogo ya njiani, na mpaka sasa hataki kunitazama.